Kutoka Kurithiwa hadi Kurithi: Jaji Effie Owuor na Haki za Wanawake katika Tana ya Chini

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema tofauti iliyopo kati ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Hujifunza kwamba mume huoa na mke huolewa. Kwamba kijana huposa na msichana huposwa. Kitenzi 'rithi' nacho hakina ugumu wowote wa kisarufi. Anayepokea mali ya marehemu amerithi, na mali yenyewe imerithiwa. Ugumu huzuka pale nomino inayotendwa inapokuwa si shamba wala ng'ombe, bali mtu. Katika jamii kadhaa za Kenya imekuwa kawaida kusema kwamba mjane 'amerithiwa' na ndugu wa mumewe. Kiambishi kimoja tu, '-w-', kinatosha kumtoa mwanamke katika safu ya warithi na kumweka katika safu ya mali.

Makala haya yanamuenzi Jaji Effie Owuor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Lengo si kuorodhesha vyeo vyake na kuvipigia makofi. Swali linalochunguzwa ni hili: je, kazi ya wanasheria wa kizazi chake ilisaidiaje kumrudisha mwanamke kutoka kurithiwa hadi kurithi, na safari hiyo imefika wapi katika eneo la Garsen na Tana ya Chini, ambako kwa miaka mingi sheria ya urithi ilisimama ukingoni mwa mto bila ya kuvuka? Hoja kuu ni kwamba heshima anayostahili mtangulizi hupimwa kwa waliopita katika mlango alioufungua, na kwamba katika Tana ya Chini upitaji huo unategemea pia lugha ya Kiswahili.

Maana ya kuwa wa kwanza

Effie Owuor alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960. Mahali hapo pana maana yake. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka wa 1961, ndicho kilichowapokea vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliotaka kusomea sheria bila ya kuvuka bahari. Nairobi haikuwa na kitivo chake hadi mwaka wa 1970. Waliohitimu huko walikuwa wachache, na wanawake miongoni mwao walikuwa wachache zaidi.

Aliporejea Kenya alijiunga na afisi ya Mwanasheria Mkuu, akawa mwanamke wa kwanza kuwa wakili wa serikali. Baadaye akawa hakimu wa kwanza mwanamke. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na katika miaka ya 1990 akapanda hadi Mahakama ya Rufaa. Katika ngazi zote hizo hakukuwa na mwanamke aliyemtangulia.

Ni vyema kutua hapa na kuitazama lugha. Maneno 'hakimu', 'jaji' na 'wakili' yamo katika ngeli ya A-WA, na hayaoneshi jinsia. Kiswahili hakikuhitaji kubuni neno jipya Effie Owuor alipoketi mahakamani. Hata hivyo, matumizi ya watu yalikuwa na mazoea yake. Mshtakiwa alizoea kusema 'Bwana Hakimu', na mazoea hayo yalidhihirisha matarajio ya jamii kuliko kanuni ya lugha. Neno 'Mheshimiwa', ambalo humfaa mume na mke kwa usawa, lilikuwapo tayari. Kwa hiyo, kizuizi hakikuwa katika sarufi. Kilikuwa katika fikra za wasemaji.

Aidha, isidhaniwe kwamba kuwapo kwa mwanamke mmoja katika Mahakama Kuu kuliibadilisha sheria kwa siku moja. Mwaka wa 1987 Kenya nzima ilifuatilia shauri la maziko ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika mumewe karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliamua kwa kufuata mila, na ukoo ukamzika. Effie Owuor hakuwa miongoni mwa majaji walioamua shauri hilo. Hata hivyo, uamuzi wenyewe ulidhihirisha mipaka ya sheria ambayo majaji wote wa wakati huo walifanya kazi ndani yake. Kifungu cha 82 cha katiba ya zamani kilipiga marufuku ubaguzi, lakini fasiri yake haikutaja jinsia hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 1997. Hata baada ya hapo, kifungu hicho hicho kiliendelea kuruhusu tofauti katika mambo ya ndoa, talaka, maziko na urithi. Hayo ndiyo hasa mambo yanayogusa maisha ya mwanamke kuliko mengine.

Sheria iliyosimama ukingoni

Ili kuielewa maana ya mipaka hiyo, hatuna budi kushuka hadi Tana. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Hutoka nyanda za juu za kati, hupita Garissa na Hola, kisha hutanuka na kuwa delta kuanzia pande za Garsen hadi Kipini, unapoingia baharini. Wapokomo hulima kandokando yake mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Waorma na Wardei hufuga ng'ombe na huwaleta mtoni wakati wa kiangazi kupitia njia ziitwazo malka. Mashamba na malka hukutana kwenye maji yale yale. Mkutano huo umewahi kuzaa maafa, yakiwamo mapigano ya mwaka 2001 na mauaji ya mwaka 2012 katika delta, ambamo wanawake na watoto walikuwa wengi miongoni mwa waliouawa.

Katika eneo kama hilo, mali ina maana mbili tu zilizo kubwa: shamba la mtoni na mifugo. Sasa tuitazame Sheria ya Urithi. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka wa 1972, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Iliweka utaratibu mmoja wa kugawa mali ya mtu aliyekufa bila ya wosia, na haikutofautisha kati ya mtoto wa kiume na wa kike. Kwa wakati wake, hilo lilikuwa jambo kubwa. Walakini, kifungu cha 32 kilimruhusu Waziri kutaja maeneo ambamo utaratibu huo haungehusu ardhi ya kilimo, mazao yake na mifugo. Kifungu cha 33 kikaeleza kwamba mali hizo zingegawanywa kwa kufuata sheria au mila ya jamii ya marehemu. Mwaka huo huo wa 1981 Gazeti Rasmi la Serikali lilizitaja wilaya 12. Miongoni mwazo ilikuwamo Tana River.

Athari yake ni rahisi kuieleza. Mkulima wa Ngao au mfugaji wa viungani mwa Garsen alipofariki bila ya wosia, utaratibu wa usawa ulihusu kitanda, sufuria, baiskeli na fedha zilizokuwa benki, kama zilikuwapo. Shamba na ng'ombe vilirudi kwa mila. Sheria ilimhakikishia binti sehemu yake katika vitu vilivyokuwa vichache, ikamwacha mikononi mwa wazee katika vile vilivyokuwa vingi. Pale ambapo mila haikumtambua binti au mjane kuwa mrithi wa ardhi, yeye alibaki akiitumia kwa hisani ya mwana, shemeji au ukoo.

Haifai, hata hivyo, kuichora mila kama adui mmoja asiye na sura nyingine. Baraza la wazee wa Kipokomo, gasa, limehifadhi amani na kugawa matumizi ya ardhi tangu kabla ya serikali ya kikoloni. Vilevile, wakazi wengi wa Tana ni Waislamu, na tangu marekebisho ya mwaka 1990 sheria ya Kiislamu ndiyo inayotawala mgawanyo wa mirathi yao. Katika sheria hiyo mwanamke ni mrithi kwa jina na kwa hesabu: mke hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, binti naye hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mwanamke wa Garsen, kwa hiyo, ameishi kati ya njia tatu: ya mila, ya dini na ya serikali. Swali lake la kwanza limekuwa ni ipi kati ya hizo itakayofuatwa siku ambayo ng'ombe watahesabiwa, na nani atakayeamua.

Jopokazi la 1993

Mwaka wa 1993 Mwanasheria Mkuu aliteua jopokazi la kuzipitia sheria zinazowahusu wanawake, na Jaji Effie Owuor akawa mwenyekiti wake. Kwa mtazamo wa makala haya, hapa ndipo kazi yake ilipopata uzito wa pekee. Jaji anapoamua shauri huifanyia kazi sheria iliyopo, na hujibu swali la watu wawili waliosimama mbele yake. Mwenyekiti wa jopokazi huuliza swali jingine: sheria yenyewe inawafanyia nini wale ambao hawatafika mahakamani kamwe? Swali la pili ndilo linalomhusu mjane wa Tana ya Chini, ambaye huenda asiwahi kumwona jaji maishani mwake.

Owuor hakuwa peke yake. Mkutano wa kimataifa wa wanawake uliofanyika Nairobi mwezi Julai 1985 ulikuwa umeamsha mengi, na mwaka huo huo chama cha wanasheria wanawake, FIDA-Kenya, kilianzishwa. Kenya ilikuwa imeridhia mwaka wa 1984 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Haitakuwa haki kudai kwamba kila sheria iliyofuata ni zao la jopokazi moja au la mtu mmoja. Lakini ni kweli kwamba maswali yaliyokusanywa wakati huo kuhusu ndoa, mali, urithi na ukatili wa nyumbani ndiyo yaliyoendelea kujadiliwa kwa miaka ishirini iliyofuata, hadi yakapata majibu moja baada ya jingine.

Majibu hayo yanafahamika. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ilifikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka wa 2011, Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka wa 2013, Sheria ya Ndoa mwaka wa 2014, na Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani mwaka wa 2015. Mahakama nazo zilibadilika. Katika shauri la Rono dhidi ya Rono la mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa iliwatambua mabinti wa marehemu kuwa warithi wa ardhi yake sawa na ndugu zao wa kiume, ikaikataa hoja kwamba wataolewa na kuondoka.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 2 inatangua mila yoyote inayokinzana na Katiba. Ibara ya 27 inampa mwanamke haki ya kutendewa sawa. Ibara ya 60 inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, ukiwamo ule unaotokana na mila na desturi. Ibara ya 159 inazitambua njia za kimila za kusuluhisha migogoro, ila kwa sharti kwamba zisivunje haki za msingi. Gasa, basi, halikufutwa, liliwekewa mpaka. Mzee anaweza kuendelea kusuluhisha, lakini hawezi tena kusema kwamba mila pekee ndiyo neno la mwisho.

Fasihi na sheria

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashangazwa na safari hii. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa anayehusishwa na Kipini na delta hii hii ya Tana, nguvu zote za shujaa hazikumtoa kifungoni. Aliyemtoa ni mjakazi Saada, aliyempelekea mkate uliofichwa tupa ndani yake. Saada hana cheo wala mali, na hata hivyo bila yeye kisa kingekomea gerezani. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, iliyotoka mwaka ule ule wa 1981, Lanina ndiye anayewaongoza wafanyakazi kudai haki. Naye Ari Katini Mwachofi, katika Mama Ee ya mwaka 1987, aliiweka jukwaani dhuluma ya ndoa na ya sheria kwa jicho la mwanamke. Mwaka huo ndio uliokuwa wa shauri la Otieno. Fasihi, kwa hiyo, ilimwona mwanamke akiwa mtenda kabla ya vitabu vya sheria kumwona hivyo.

Lugha ya kudai haki

Haki iliyoandikwa huhitaji kusemwa ili idaiwe, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kipokomo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Vyote viwili vimo katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda na Kikomoro. Kiorma si lugha ya Kibantu, kwani kimo katika tapo la Kikushi. Mkulima na mfugaji wanapokutana sokoni Garsen, au mbele ya chifu, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 198, iliruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, lakini Mahakama Kuu ikapewa Kiingereza peke yake. Tokeo lake ni kwamba shauri lililoanza kwa lugha ambayo mlalamikaji anaielewa huweza kupanda rufani na kuingia katika lugha asiyoielewa. Tanzania iliamua mwaka wa 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Nchini Kenya, Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba, lakini kazi ya kukifikisha katika hukumu na hati ingali mbele.

Mfano mmoja utaonesha uzito wa jambo hili. Mara nyingi neno 'mrithi' hutumiwa pia kumtaja mtu aliyepewa hati na mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Matumizi hayo ni ya makosa, na makosa yake yana gharama. Mtu huyo ni msimamizi wa mirathi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Hati haimfanyi kuwa mwenye mali. Shemeji akiitwa mrithi mbele ya mjane asiyejua tofauti, mjane ataamini kwamba shamba limekwisha kwenda. Zaidi ya hayo, kifungu cha 66 cha Sheria ya Urithi kinamtaja mwenzi aliyebaki kuwa wa kwanza kufikiriwa katika usimamizi, na kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila ya idhini kuwa kosa la jinai.

Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo. Kile ambacho kifungu cha 32 kilikiondoa katika Tana River ni utaratibu wa mgawanyo kwa aliyekufa bila ya wosia. Hakikuviondoa vifungu vya usimamizi. Kwa upande wa Waislamu pia, vifungu hivyo hutumika pale visipokinzana na sheria yao. Maana yake ni kwamba hata katika miaka ile ambayo sheria ilisimama ukingoni, mjane wa Garsen alikuwa na haki ya kuomba usimamizi, na aliyeswaga ng'ombe wa marehemu usiku alikuwa amevunja sheria. Ni wangapi walioambiwa hivyo kwa lugha waliyoielewa?

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuifanya kazi hii. Istilahi za urithi zinahitaji kusanifiwa kwa uangalifu, zitofautishe mrithi na msimamizi, na zitofautishe pia umiliki na haki ya kuitumia mali maadamu mtu yu hai. Wakalimani wa mahakama wanahitaji mafunzo ya lugha, kwa kuwa Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila ya malipo, lakini mkalimani asiyejua tofauti ya maneno anaweza kuivuruga haki hiyo. Vijitabu vyepesi vya Kiswahili, vinavyosomeka kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, vingefika mahali ambapo hukumu ndefu haifiki.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba sifa ya Jaji Effie Owuor haikomei katika neno 'kwanza'. Baada yake Kenya ilipata Naibu wa Jaji Mkuu mwanamke, Nancy Baraza, mwaka wa 2011, kisha Kalpana Rawal na Philomena Mwilu wakafuata katika nafasi hiyo hiyo. Mwezi Mei 2021 Martha Koome akawa Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke. Jambo lililo karibu zaidi na maudhui yetu ni kwamba Mahakama Kuu, ambayo Owuor aliingia akiwa mwanamke pekee, ilikuja kuwa na kituo Garsen kwenyewe, na majaji wanawake wamewahi kuketi hapo na kusikiliza mashauri ya watu wa Tana.

Mlango, basi, umefunguliwa, na umesogezwa hadi kando ya mto. Lililobaki ni kwamba mwanamke atokaye Ngao, Tarasaa au Kipini aufikie akijua neno la kusema. Akisema 'nimerithiwa', amejitaja kuwa mali. Akisema 'nimerithi', amejitaja kuwa mwenye haki, na Katiba iko upande wake. Wanasheria wa kizazi cha Effie Owuor walitumia miaka yao kuifanya kauli hiyo ya pili iwezekane kisheria. Kuifanya isikike kwa Kiswahili fasaha, mahakamani na kijijini, ni wajibu ambao wataalamu wa lugha hawawezi kumwachia mwanasheria peke yake.